Paka mwenye kibofu kilichovimba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu virutubisho

Maswali haya yamenijia kwa miaka kadhaa kutoka kwa wenye paka wa Unguja na Pemba: majirani, watu wa kazini, jamaa wa jamaa wanaopiga simu saa nne za usiku na kuanza na "eti nimeambiwa wewe unajua mambo ya paka". Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga, nimeuguza, nimesoma na nimewasumbua madaktari kwa maswali. Kama paka wako ni dume na tangu asubuhi hajatoa hata tone la mkojo, usisome mengine. Nenda swali la 3.

## Ugonjwa wenyewe

1. Nitajuaje kama kibofu cha paka wangu kimevimba?

Mwangalie anapokwenda haja ndogo. Paka mzima huchuchumaa mara mbili au tatu kwa siku, humaliza, hufukia, huondoka. Mgonjwa huchuchumaa mara kumi, kila mara tone au mawili, pengine yana damu. Wengine hulia wakati wa kukojoa. Wengine hujilamba sehemu za siri mpaka manyoya yanatoka. Na wapo wanaoacha pahala pao pa kila siku wakaenda kukojoa bafuni, juu ya kitanda, au kwenye sinki jeupe ambako, kwa bahati nzuri, damu huonekana mapema.

Watu wengi humdhania paka huyu kafunga choo, kwa sababu anajikamua. Kabla ya kumpa mafuta ya nazi ya kulainisha tumbo, hakikisha ni haja ipi inayokataa.

2. Husababishwa na nini? Baridi ya sakafu? Samaki? Uchafu?

Baridi ya sakafu haimo. Kwa paka walio chini ya miaka 10, zaidi ya nusu ya wenye dalili hizi wakipimwa hawakutwi na bakteria, wala mawe, wala kitu chochote cha kushika mkononi. Kibofu kimevimba, basi. Madaktari huuita uvimbe usio na chanzo kinachojulikana. Kinachojulikana ni kwamba utando laini unaokilinda kibofu kwa ndani huwa umepungua, mkojo mkali unachoma nyama ya chini, na mishipa ya fahamu ya paka huyo hushtuka upesi kuliko ya wenzake. Ndiyo maana wasiwasi, mgeni nyumbani au paka mpya uani huweza kuuamsha ugonjwa.

Wengine waliobaki wana mawe, au uchafu mzito kama ute uliochanganyika na chengachenga za madini. Maambukizi ya bakteria kwa paka kijana ni machache mno. Kwa paka mzee mambo ni tofauti; tazama swali la 21. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, waliohasiwa, wanaoshinda ndani na kula chakula kikavu peke yake.

3. Dume langu anachuchumaa na kulia, hata tone halitoki. Nimpe nini?

Usimpe kitu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usiku au mchana.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, hasa kwenye ncha. Ukizibwa na ute au chengachenga, mkojo hurudi nyuma, figo zinasimama, na potasiamu inajaa katika damu mpaka moyo unaanza kupiga vibaya. Ndani ya saa 24 hadi 48 hali huwa mbaya, na baada ya hapo paka hufa. Ukimgusa tumbo kwa upole upande wa nyuma utasikia kitu kigumu cha mviringo, kama ndimu au hata chungwa. Usikibonyeze, kinaweza kupasuka.

Hapa ndipo virutubisho vinapoua, si kwa sumu bali kwa kuchelewesha. Maji ya dafu ndiyo mabaya kuliko yote kwa paka aliyeziba: yana potasiamu nyingi, nayo ndiyo inayomuua. Maji ya shayiri na kila kinachoongeza mkojo navyo vinajaza chupa iliyofungwa kizibo.

Anachofanya daktari ni kumlaza paka kwa dawa, kupitisha mpira mwembamba ndani ya mrija wa mkojo, kutoa mkojo na kumtia maji ya mshipani. Ukiwa Micheweni au Makangale na daktari yuko mbali, piga simu kwanza uhakikishe yupo na mpira wa paka anao, kisha panda gari. Kuna watu wamevuka kisiwa wakakuta mlango umefungwa.

4. Na jike je?

Mrija wa jike ni mfupi na mpana, kwa hivyo kuziba ni nadra. Anaumwa vilevile, ila unayo siku moja ya kupumua.

## Kirutubisho kimoja kimoja

5. Niambie wazi: virutubisho vinatibu au havitibu?

Vichache vinasaidia kidogo. Hakuna kinachotibu peke yake.

Uvimbe huu usio na chanzo, kwa paka walio wengi, hupoa wenyewe ndani ya wiki moja, umpe dawa au usimpe. Hilo ndilo linalowapa sifa vidonge vyote duniani. Paka wangu Kaniki alipougua mara ya kwanza, shangazi yangu alikuwa ametoka Maskati na chupa ya unga wa kranberi, tunda dogo jekundu la nchi za baridi. Nikampa. Siku ya nne akakojoa vizuri, nami nikawatangazia majirani kama niliyegundua mafuta. Baada ya miezi miwili ukarudi, na chupa ilikuwa kwa jirani wa chini. Hakupata kitu. Siku ya tano akapona.

Kwa hiyo ukisikia "nilimpa kitu fulani akapona kwa siku tano", muulize: asingempa, angepona kwa siku ngapi? Swali la maana si kama dalili zimeondoka, bali kama zinarudi mara chache kuliko zamani, na hilo utalijua kwa kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwa mwaka mzima.

6. Glukosamini, ile ya vidonge vya magoti, je?

Nadharia yake ni nzuri. Utando wa kibofu umejengwa kwa vitu vya jamii hiyo, kwa hivyo watu walisema: umpe paka malighafi, ajitengenezee utando. Mwaka 2004 watafiti wa Edinburgh, wakiongozwa na Danièlle Gunn-Moore, walichukua paka 40 wenye uvimbe huu, wakawapa nusu glukosamini miligramu 125 kwa siku na nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, kwa miezi 6. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti baina yao haikuwa ya kuhesabika. Inadhaniwa kilichowasaidia wote ni kwamba wenye paka, baada ya kuonana na daktari, walianza kuwapa chakula chenye majimaji zaidi.

Dawa nyingine ya jamii hiyo, pentosani polisalfeti, ilijaribiwa Marekani kwa paka 107, matokeo yakachapishwa 2009: nayo haikuvishinda vidonge vitupu.

Glukosamini haina madhara makubwa. Kama daktari amekuandikia kwa paka ambaye ugonjwa unarudi kila mwezi, mpe. Lakini kama fedha yako ni ya kununua ama glukosamini ama samaki, nunua samaki.

7. Glukosamini inatokana na maganda ya kamba. Si nimsagie maganda tu?

Swali hili nimeulizwa Malindi, mbele ya ndoo ya kamba, na muulizaji alikuwa hafanyi mzaha. Ni kweli glukosamini nyingi za dukani hutolewa kwenye maganda ya kamba na kaa. Lakini hutolewa kiwandani, kwa kemikali kali. Tumbo la paka haliwezi kazi hiyo, na maganda yana madini mengi. Mpe nyama ya kamba aliyechemshwa, maganda tia kwenye shimo la mbolea.

8. Kranberi na D-manose, ile sukari ya unga ya kibofu?

Vyote viwili vilijulikana kwa wanawake wanaopata maambukizi ya mkojo mara kwa mara. Kazi yao ni kumzuia bakteria aitwaye E. koli asigande kwenye ukuta wa kibofu. Sasa rudi swali la 2: paka kijana, mara nyingi, hana bakteria hata mmoja. Unaweka walinzi mlangoni na mwizi hayupo. Isitoshe vidonge vingi vya kranberi vya binadamu huongezwa vitamini C na sukari.

9. Mafuta ya samaki?

Hapa ninakubali. Mafuta ya omega-3 hupunguza uvimbe mwilini, na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula kilichoongezwa omega-3 na vitamini za kuzuia kutu ya mwili walikuwa na siku chache zaidi za dalili kuliko wenzao kwa muda wa mwaka mmoja. Paka walikuwa wachache, na chakula kile kilikuwa na mambo mengine pia, kwa hivyo usikichukue kama mwisho wa maneno.

Mambo matatu ya kujihadhari. Kwanza, usimpe mafuta ya ini la samaki, yale ya chupa wanayopewa watoto: yana vitamini A na D, na paka hana njia ya kuzitoa zikizidi, zinaharibu mifupa na figo. Pili, kidonge cha miligramu 1,000 kimepimwa kwa mtu wa kilo 60, paka wako ana kilo 4. Muulize daktari kiasi. Tatu, joto letu. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa juu ya kabati mwezi wa pili, kaskazi limekauka na umeme unakatika, huchacha. Inuse. Ikinuka rangi ya mbao, itupe.

Na kama wewe ni mtu wa pwani, omega-3 unayo kwenye soko la Darajani: vibua na dagaa wabichi, wamechemshwa. Tazama swali la 14.

10. Nimeambiwa mkojo uwe na asidi, nimpe ndimu, siki ya tufaha au vitamini C. Mwingine kasema asidi ipunguzwe.

Wote wawili wana robo ya ukweli, ndiyo hatari yake. Kuna mawe yanayoitwa struviti, yanayoota mkojo ukiwa hauna asidi. Kuna mengine ya kalsiamu oksaleti, ambayo asidi inayapendelea. Usipojua paka wako ana yapi, au kama anayo kabisa, kubadilisha asidi ni kupiga shabaha gizani.

Vitamini C paka hujitengenezea mwenyewe kwenye ini. Inayozidi, sehemu yake hugeuka oksaleti, ambayo ni mawe. Ndimu paka haitaki, na siki inamkera mdomo na tumbo. Ule unga wa chengachenga unaotiwa ndani ya glasi ya maji, ambao watu hunywa wakichomwa na mkojo, huondoa asidi na kumsogeza paka kwenye struviti. Na kama daktari ameshampa chakula maalumu cha mkojo, asidi imekwisha kupangwa humo ndani, usiongeze chochote.

11. Kuna vidonge vya "kutuliza" paka. Kutuliza kunahusu nini kibofu?

Kunahusu sana, soma swali la 16. Vinavyopatikana zaidi vina alfa-kasozepini, ambayo hutokana na maziwa, au triptofani, ambayo ni kiungo cha protini. Havimlazi paka, vinampunguzia wasiwasi kidogo. Huku havipatikani kila duka. Wengi wetu huagiza Dar es Salaam au kwa mtu anayesafiri. Vina faida zaidi ukivianza siku kadhaa kabla ya jambo unalolijua: harusi nyumbani, safari ya boti, mafundi wa kupaua. Ukimpa leo, paka akiwa ameshavimba kibofu, usitarajie kitu kesho.

12. Na dawa zetu? Habasoda, karafuu, kitunguu thomu, shayiri, nywele za mahindi?

Swali hili huniwia gumu, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ni mtu mzima aliyenilea mimi na paka wote wa mtaa. Lakini ini la paka si ini letu. Lina upungufu wa njia moja muhimu ya kusafishia sumu, na vitu ambavyo sisi tunavipitisha kwa siku moja, yeye hukaa navyo.

Mafuta ya karafuu usimpe, usimpake, wala usimfukizie ndani ya chumba kilichofungwa. Nawaambia hasa ndugu zangu wa Pemba, ambako kila nyumba ina chupa. Kile kinachoifanya karafuu itulize jino ndicho kinachomdhuru paka, na akipakwa manyoyani atajilamba. Hayo ni kweli pia kwa mafuta ya mchaichai na mengine makali.

Kitunguu thomu na kitunguu maji, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi wa samaki uliokaangiwa vitunguu umo humo.

Habasoda si dawa ya kibofu cha paka, na kijiko kinachomfaa mtu ni kingi mno kwa mnyama wa kilo 4.

Maji ya shayiri na maji ya nywele za mahindi si sumu. Kama paka anakojoa na amekubali kunywa kijiko, faida yake ni ile ya maji yaliyomo. Ila paka ninaowajua mimi huyanusa, wanakutazama usoni, wanaondoka.

## Maji na chakula

13. Basi kinachosaidia kweli ni nini?

Maji. Mkojo mwepesi hauchomi, na mkojo mwingi hausubiri mpaka madini yagande. Paka alitokana na paka mwitu wa nchi kavu, amezoea kupata maji yake ndani ya windo, na kiu yake ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu hatanywa cha kutosha kufidia.

Piga hesabu. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, ya kunywa na ya ndani ya chakula kwa jumla. Gramu 200 za samaki wa kuchemsha zinampa kama 150 kabla hajagusa bakuli la maji. Gramu 60 za chakula kikavu cha mfuko zinampa 6. Katika utafiti uliochapishwa 1999, paka waliougua kibofu na kulishwa chakula chenye majimaji walirudiwa na ugonjwa asilimia 11 kwa mwaka, na waliolishwa kikavu asilimia 39. Hakuna kirutubisho katika ukurasa huu chenye namba kama hizo.

Wangu hawanywi bakuli la jikoni. Basi niliweka bakuli tatu, pana, za udongo au bati, mbali na chakula na mbali na mahali pa haja. Plastiki hushika harufu. Maji hubadilishwa asubuhi na jioni. Supu ya samaki iliyochemshwa bila chumvi, bila kitunguu, bila ndimu, ikipozwa, huisha bakuli zima. Chakula kikavu, kama ndicho ulichonacho, kiloweke maji vuguvugu robo saa, lakini usikiache mezani mchana kutwa kwa joto hili. Na wapo wanaopenda maji yanayotiririka: kuna paka Shangani anayekaa chini ya bomba la uani akisubiri mtu aje kutawadha.

14. Paka wangu anakula samaki tu, kila siku. Ndiyo sababu?

Samaki mbichi wa leo na dagaa mkavu wa gunia si kitu kimoja. Dagaa mkavu amekwisha maji, ana mifupa yake yote yenye madini, na mara nyingi ametiwa chumvi. Paka wa kibofu asilishwe hao kama chakula kikuu. Ukilazimika, waloweke, mwaga maji ya kwanza, kisha uwachemshe.

Samaki wabichi wa jamii ya dagaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, nacho hufa kwa moto. Kwa hiyo chemsha. Na samaki wa mafuta peke yake, kama jodari kila siku ya Mungu, humpunguzia paka vitamini E mpaka mafuta ya mwili wake yanavimba na kumuuma. Changanya: samaki mweupe, kuku, maini kidogo mara moja kwa wiki.

Maziwa watu huyapenda kwa sababu ni majimaji. Paka wengi wakubwa huharisha nayo, na anayeharisha anapoteza maji uliyotaka kumpa.

15. Maji ya kisima chetu yana chokaa, birika linafanya gamba jeupe. Yanaleta mawe?

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na gamba hilo kila mtu analijua. Lakini mawe ya kibofu hutegemea zaidi wingi wa mkojo, asidi yake na madini ya chakula kuliko chokaa ya kisima. Tatizo la maji haya ni ladha: yakiwa na chumvichumvi, paka hunywa kidogo. Mjaribu na maji ya mvua au ya chupa kwa wiki moja. Akinywa zaidi, umepata jibu.

## Nyumba na utulivu

16. Daktari kasema paka wangu "ana mawazo". Paka na mawazo wapi na wapi?

Mimi nilicheka pia. Lakini Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha mwaka 2006 habari za paka 46 wenye uvimbe huu, ambao wafugaji wao walisaidiwa kubadilisha maisha ya nyumbani tu: pa kujificha, pa kupanda, muda wa kuchezewa, choo safi, ugomvi wa paka kwa paka kupunguzwa. Waliwafuatilia kwa miezi 10, na dalili zilipungua kwa kiasi kikubwa.

Kwetu mambo hayo yana sura yake. Paka wa ghorofa za Michenzani hana uani. Anahitaji dirisha, kabati la juu, na karai la mchanga lisilo karibu na mlango wanapogongana watu. Kanuni ni karai moja kwa kila paka, na moja la ziada. Paka wa Mji Mkongwe ana shida nyingine: mashume wa mtaa wanaokuja kukojolea kizingiti usiku. Yeye ndani, harufu ya adui mlangoni, na kibofu ndicho kinacholipa. Osha kizingiti, ziba upenyo wa dirisha la chini.

Angalia pia kalenda. Ramadhani chakula chake kinahama saa, watoto wanakesha, halafu Sikukuu inaingia na fataki na wageni. Simu nyingi ninazopata za kibofu huja wiki ya Sikukuu. Mpe chumba kimoja kisichoingiwa, chenye maji na mchanga wake, na umlishe saa zilezile za siku zote.

17. Amekojoa juu ya mswala wa mama. Mama anasema ni kisirani, tumfukuze.

Si kisirani. Paka anayeumia akikojoa huona karai lake ndilo linalomuuma, hutafuta pahala laini pa kujaribu bahati, na mswala ni laini. Mwambie mama kwa adabu kwamba mnyama anaumwa, na umkumbushe hadithi anayoijua kuliko wewe, ya paka kuwa ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Mkojo wake ni najisi, lakini yeye siye. Osha kwa maji mengi mpaka rangi na harufu viondoke. La zaidi kuhusu twahara mama atamuuliza sheikh. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, hutoa hewa kali inayochoma kifua. Na mswala usiachwe umetandikwa mpaka apone.

## Dawa, vipimo na mambo yasiyo ya kawaida

18. Nilimpa amoksilini ya duka la dawa akapona. Kwa nini nisimpe tena?

Kwa sababu iliyo katika swali la 5. Bakteria hawakuwepo, alipona mwenyewe, na dawa imewazoeza bakteria wengine wa mwilini mwake kuivumilia. Siku atakapoihitaji haitafanya kazi.

19. Anaumwa sana. Nusu ya Panadol?

Hata robo usimpe. Panadol humgeuzia paka damu isibebe hewa, ufizi unakuwa rangi ya matope, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni huvunja figo zake. Maumivu ya kibofu ni makali na yana dawa zake, lakini za paka, kwa uzito wake, kutoka kwa daktari. Ukiwa umeshampa, sema ukweli ukifika kliniki. Hakuna atakayekupiga.

20. Nimenunua vijiti vya kupimia mkojo. Kimeonyesha chembe nyeupe, si ndiyo maambukizi?

Vijiti hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya watu. Kwa paka, kisanduku cha chembe nyeupe hudanganya mara nyingi, huonyesha zipo na hazipo. Kisanduku cha damu na cha asidi vinakupa fununu. Mkojo upelekwe ndani ya saa moja au mbili. Ukiuweka kwenye friji huota chengachenga ambazo paka hakuwa nazo, ukarudi nyumbani na ugonjwa wa friji.

Kama ni mawe kweli, jua aina kabla ya lolote: struviti huyeyuka kwa chakula maalumu ndani ya wiki chache, oksaleti haiyeyuki kwa chakula wala kwa kirutubisho chochote, hutolewa kwa kisu.

21. Paka wangu ana miaka 13. Majibu ni haya haya?

Hapana. Paka mzee anayekojoa ovyo hupimwa kwanza figo, sukari na maambukizi, maana kwake bakteria ni wa kweli. Usimwanzishie kirutubisho chochote kabla ya vipimo, hasa chenye chumvi au cha kubadilisha asidi.

22. Nalisha paka wa barazani, mmoja anakojoa damu. Siwezi kumshika.

Loweka chakula cha wote, weka supu, ongeza bakuli la maji kwenye kivuli. Kama ni dume, mvizie akichuchumaa: ukiona mkojo unatoka, hata mwekundu, una nafasi. Usipouona, tafuta tenga la kuku, kipande cha kibua ndani yake, na mtu wa pili mwenye mikono mirefu.

23. Amepona. Nusu chupa imebaki. Niendelee, nigawe au nitupe?

Vya kutuliza viweke kwa ajili ya Sikukuu, kama tarehe haijapita. Mafuta ya samaki yaliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita usimgawie mtu unayempenda. Glukosamini ina magoti mengi ya kuhudumia nyumbani. Kranberi ya Kaniki nilimrudishia shangazi. Aliionja kwa kijiko, akakunja uso, akasema ni kali kuliko ukwaju na hashangai paka alipona upesi.